Betri Iliyosubiri Kibali

Wanaowajibika ni wawili. Wa kwanza ni mkaguzi wa umeme aliyefika nyumbani kwangu, akaona hatari, akanyamaza. Wa pili ni mkuu wa ofisi yake, ambaye alijua kwamba mkaguzi wake amenyamaza, na bado akaniambia kuwa jambo langu linafanyiwa kazi. Mke wangu hawajibiki kwa lolote. Mimi ninalo kosa langu, nami nitalitaja mahali pake, kwa kuwa kumbukumbu isiyotaja kosa la mwandishi wake haistahili kuwekwa kwenye faili. Ila isomeke vizuri tangu mwanzo: kosa langu lilikuwa la swichi. La kwao lilikuwa la kunyamaza.

Nilistaafu nikiwa mkuu wa masjala ya wilaya. Kwa wasioijua kazi hiyo, masjala ni chumba ambamo kila barua inayoingia ofisini hupewa namba, huwekwa katika faili lake, na hutolewa kwa afisa anayehusika, kisha hudaiwa mpaka irudi. Nilikuwa mdai mkubwa wa barua. Walioniogopa walikuwa wengi kuliko walionipenda, na sikuona ubaya wake. Baada ya kustaafu nilirudi upande wa kwetu, karibu na Mungaa, mkoani Singida, katika nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo, yenye shamba la alizeti mbele na mawe makubwa nyuma. Upepo wa kwetu haupigi hodi. Mwezi wa sita ukiingia, unavuma kutoka asubuhi hadi jioni, na nyaya za umeme barabarani huimba kama watu wenye ugomvi.

Mke wangu ni Mgogo wa Kilimatinde. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika utumishi wake wote, na mimi humwita Mwalimu hadi leo. Yeye huniita Masjala, hasa anapotaka kunikera. Kiharusi kilimkuta akikoroga uji. Mguu ulirudi, maneno yalirudi, na ukali wake wa darasani ulirudi kabla ya vyote hivyo. Mkono wa kushoto ndio uliokataa. Ulikaa pajani kama mgeni asiyejua aondoke lini.

Hospitalini mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mpira mdogo wa kuminya. Aliuminya kwa muda, kisha nikawaona watoto wa jirani wakiupiga teke uani.

"Mpira wako uko nje," nikamwambia.

"Nimewaachia wenye umri wake," akajibu. "Mtu mzima nikae kibarazani nikiminya mpira, wapita njia wanisalimie? Tafuta dawa nyingine, Masjala."

Dawa nyingine aliitafuta mwenyewe. Kuku wa Singida hawahitaji kutangazwa. Mabasi yanayopita kwetu hubeba matenga yao juu kuliko yanavyobeba mizigo ya abiria. Mke wangu alitaka mashine ya kutotolesha vifaranga. Tuliinunua mjini kwa fundi seremala aliyeitengeneza kwa mbao, akaitia balbu za joto, feni ndogo na kifaa cha kupima nyuzi za joto. Tukaiweka katika chumba ambamo watoto wetu walilala kabla hawajaondoka.

Mayai ndani ya mashine hiyo hayalazwi tu yakasahauliwa. Kuku hugeuza mayai yake kwa mdomo. Sisi ilitupasa kuyageuza kwa mkono, asubuhi, mchana na jioni, ili kifaranga asigande upande mmoja wa ganda. Mwalimu alichora kila yai kwa penseli, mstari wa mkato upande huu na duara upande ule, ili ajue lipi limegeuzwa na lipi bado. Aliyageuza kwa mkono wa kulia. Nilizoea kumwona ameinama pale, miwani imeshuka puani, akiyahesabia makosa kama anayesahihisha madaftari.

Kisha ikaja asubuhi ambayo nilipita mlangoni na kumkuta ameuficha mkono wa kulia mgongoni, kama mtoto aliyeficha andazi. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya mashine. Kidole cha shahada kilikuwa juu ya yai moja, kikitetemeka, kikilisukuma. Yai likajibiringisha nusu. Duara likatoweka, mkato ukaonekana.

Nilisimama. Sikutaka hata kumeza mate.

"Usiniangalie," akasema bila kugeuka. "Yai linaona haya."

Nilitoka nje nikaenda kusimama kwenye alizeti. Yaliyonipata huko si ya kuandikwa hapa.

Tangu siku hiyo mayai yaligeuzwa na mkono wa kushoto peke yake. Kazi iliyoweza kumalizika kwa muda wa kukunja shuka ilichukua asubuhi nzima, na hakuruhusu mtu asaidie. Nami nikaelewa, bila kuambiwa, kwamba ndani ya mashine ile hatukuwa tunaatamia vifaranga tu.

Lakini mashine iliishi kwa umeme, na umeme wetu uliishi kwa hisani ya upepo. Ulipokatika muda mfupi, tulifunika mashine kwa mablanketi na ikavumilia. Ulipokatika muda mrefu, joto lilishuka, na baadhi ya mayai yaliishia njiani. Mwalimu aliyatoa mwenyewe. Siku hizo mkono wake ulikuwa mzito zaidi. Sikuhitaji daktari kuniambia. Ndipo nilipoamua kwamba nyumba yangu itakuwa na betri.

Sikukurupuka. Nilikuwa nimeshafunga sola ya taa kwa mikono yangu miaka ya nyuma, na ilikuwa ikiwaka bado. Nilifika ofisi ya umeme, nikauliza utaratibu. Niliambiwa kwa mdomo: mwenye nyumba anaweza kufunga mwenyewe, kisha aombe ukaguzi, na asiwashe kabla ya kupata kibali. Niliomba maelekezo hayo kwa maandishi. Nikaambiwa hayahitaji maandishi, Mzee wetu. Nikayaandika mwenyewe, nikamsomea aliyeyasema, akakubali kwamba ndivyo alivyosema.

Sehemu ya kiinua mgongo iliyokuwa imebaki ilinunua betri ya lithiamu, nzito kuliko gunia la mahindi, na inveta, yaani kile kifaa kinachougeuza umeme wa betri uwe umeme wa kutumika nyumbani. Nilisoma kitabu cha maelekezo chote, pamoja na kurasa za onyo ambazo watu huzifunua haraka. Nilizika fimbo ya shaba ardhini kwa ajili ya usalama, nikimwagia maji udongo wetu mgumu ili ukubali. Mwalimu alishika ncha ya waya kwapani, upande wa kushoto, nami nikavuta upande wa pili.

"Imenyooka?" nikauliza.

"Imenyooka kuliko wewe."

"Usiiachie."

"Masjala, mimi nimeshika watoto themanini darasa moja. Waya huu hautaki hata kwenda chooni."

Zilikuwa siku nzuri. Nazitaja kwa sababu malalamiko huwa yanafuta mazuri yaliyoyatangulia, na mazuri yale yalikuwapo. Mchana tulikula viazi juu ya boksi la betri, tukiwa tumekaa sakafuni kama wageni waliohamia jana.

Sasa kosa langu. Umeme wa barabarani ulikuwa na swichi yake ukutani, juu. Umeme wa betri niliupa swichi ya pili, chini yake. Zote mbili ziliingia katika boksi moja la kugawa umeme wa nyumba. Maana yake, mtu akiwasha ya chini bila kuzima ya juu wakati umeme umekatika, umeme wa betri ungetoka nje ya nyumba, ukapanda nguzo, ukaingia katika nyaya ambazo fundi aliye juu ya nguzo anaamini hazina kitu. Nililijua jambo hilo; kitabu kilikuwa kimelieleza. Dawa yake niliitafuta katika kazi niliyoizoea. Nilichukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa: ZIMA SWICHI YA JUU KABLA YA KUWASHA SWICHI YA CHINI. Nikaibandika ukutani kati ya swichi hizo mbili. Nikaisaini.

Mwalimu aliisoma kwa sauti. "Umeisaini?"

"Agizo lisilo na saini si agizo."

"Na umeme ukikatika, gizani humu, nani ataisoma?"

"Nimeikariri."

Alinitazama jinsi alivyowatazama watoto waliosema wamekariri.

Niliomba ukaguzi. Mkaguzi alifika, mtu wa makamo, mwenye familia, kofia mkononi kabla hajavuka kizingiti. Mwalimu siku hiyo alikuwa kliniki.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu. Kagua kila kitu, usinionee aibu."

Alikagua. Alivuta nyaya, akapima ile fimbo ya shaba, akafunua boksi. Kisha akasimama mbele ya karatasi yangu. Alisimama muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyohitaji. Akajikuna shingo.

"Kazi safi sana, Mzee. Nyaya zimenyooka kama mistari ya daftari."

"Kuna kasoro?"

"Tutaleta majibu, Mzee."

"Nimeuliza kama kuna kasoro."

"Tutaleta majibu. Ila kwa sasa... msiwashe kwanza." Akakataa chai, jambo ambalo kwetu mtu halifanyi bila sababu, akaondoka akiwa bado ameshika kofia.

Majibu hayakuja. Mwalimu akaweka trei mpya ya mayai, akaanza kuyageuza. Niliandika kukumbushia. Mkaguzi akarudi, akatazama tena, Mwalimu akiwa chumba cha mayai mlango umefungwa ili joto lisitoke. Akasifu tena nyaya. Akaaga tena. Nikafunga safari hadi kwa mkuu wa ofisi. Mkuu yule aliinuka kitini, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaagiza soda. Sijawahi kuheshimiwa kiasi kile na kusaidiwa kidogo kiasi kile katika chumba kimoja.

"Jambo lako liko jikoni, Mzee wetu."

"Linaiva au linaungua?"

Alicheka sana. "Mzee wetu bado yuleyule! Linafanyiwa kazi. Usiwe na wasiwasi kabisa."

Nilirudi nyumbani na soda tumboni.

Upepo ulivunja kitu mahali fulani asubuhi moja ya baridi, na umeme ukaondoka kijiji kizima. Mayai yalikuwa katika juma lake la mwisho. Siku chache kabla, Mwalimu alikuwa ameyamulika kwa tochi, akaniita nione: ndani ya ganda kulikuwa na kivuli kilichocheza. Trei ile yote, tangu siku ya kwanza, ilikuwa imegeuzwa kwa mkono wa kushoto. Hakuna yai lililoguswa na wa kulia.

Tulifunika mashine. Nikachemsha maji, nikayatia kwenye chupa, nikazipanga pembeni. Joto lilishuka. Nikabadilisha chupa. Likashuka. Na pale ukutani, betri ilikuwa imejaa, taa yake ndogo ya kijani ikiwaka kwa utulivu, kama afisa aliye zamu lakini hajapewa maagizo.

Nilikwenda nikasimama mbele ya swichi ya chini. Nilipoinua mkono, Mwalimu alikuwa nyuma yangu.

"Kibali kimekuja?"

"Hapana."

"Basi usiwashe."

"Mwalimu, yale mayai..."

"Nayajua yale mayai. Nakujua na wewe. Miaka yote umewanyima watu mambo kwa sababu karatasi haijaja. Ukiwasha leo kwa ajili yangu, kesho utaniangalia kama mtu aliyekuvunjia kitu." Akaushusha mkono wangu. Aliushusha kwa mkono wake wa kushoto, na ulikuwa na nguvu.

Nilirudi dirishani. Mafundi wa umeme walikuwa wamefika na gari, na mmoja alikuwa ameshapanda nguzo iliyo karibu na ua wetu. Niliona soli za viatu vyake. Nikampungia mkono, naye akanipungia. Mkumbuke mtu huyu.

Umeme ulirudi siku iliyofuata. Hakuna yai lililotoboka. Mwalimu alisubiri siku zilizozidi, kwa ajili ya kuyapa haki yake, kisha akayafungua moja moja kwa kijiko, kwa kuwa alitaka kujua yalikuwa yamefika wapi. Yalikuwa yamefika mbali. Manyoya yalikuwapo. Akayafukia chini ya mpapai, akanawa, akakaa kibarazani, na mkono wa kushoto akaufunika kwa khanga. Haukutoka tena. Jioni nilimwekea mayai mengine mezani. Alisema nimkaangie.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mkaguzi alipokuja mara ya tatu. Nadhani alikuwa amesikia habari, maana alikuja kwa upole wa mtu anayekwenda msibani. Nilikuwa ndani nikitafuta shati. Mwalimu alikuwa kibarazani, na ndiyo mara ya kwanza wale wawili kuonana uso kwa uso. Nilisikia yote kupitia dirishani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ni mtu wa wapi, usemi wako una safari ndefu?"

"Kwetu Tabora, Mama. Mnyamwezi."

"Mnyamwezi!" Sauti ya mke wangu ikabadilika. Sikuwa nimeisikia hiyo tangu mayai yale. "Na umeingia kwangu bila mzigo kichwani? Mimi ni Mgogo wa Kilimatinde, bwana. Babu yako alipita pale kwetu na mizigo ya watu, tukamtoza kwa kila kibuyu cha maji."

Mkaguzi akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyefunguliwa kamba. Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Mtani hawekewi kinyongo. Anaweza kukutukana kwenye matanga ya baba yako, ukacheka huku unalia. Akamsalimu kwanza kwa Kigogo: "Mbukwa, Mgogo! Mlimtoza maji kwa sababu ndiyo mara ya kwanza mlikuwa mnayaona. Mpaka leo mkioga mnaalikana."

"Sisi tunaoga. Nyinyi mnalowa tu mkivuka mto kwenda kubeba mizigo ya watu." Akamnyooshea kidole. "Haya, mtani. Umekuja mara ngapi hapa kwangu ukiondoka na ulimi mfukoni? Mgongo wenu ulibeba pembe za ndovu. Wewe unashindwa kubeba neno moja?"

"Mama..."

"Mimi si mama yako hapa. Ni mtani wako. Nitukane. Sema, mume wangu amefanya nini?"

Kisha mkaguzi akasema, haraka, kana kwamba anatema kitu cha moto: "Mgogo wewe, mumeo atachinja mtu! Amefunga swichi mbili zisizojuana, kisha ameziwekea barua. Barua! Umeme hausomi. Siku akisahau ile ya juu, fundi wetu anashushwa kwenye nguzo kwa shuka. Inatakiwa swichi moja ya mkono mmoja: ikiwa huku, haiwezi kuwa kule. Kitu chenyewe kinauzwa mjini, kinafungwa na mtu yeyote mwenye bisibisi. Kila kitu kingine amefunga vizuri kuliko sisi."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, shati halijafungwa vifungo. Mkaguzi aliponiona alisimama kama mwanafunzi.

"Endelea," nikasema.

"Mzee, samahani sana, nilikuwa nataniana tu na..."

"Ulikuwa unakagua. Ni mara ya kwanza. Endelea."

"Kaa, mtani," Mwalimu akamwambia. "Akikasirika atakula wapi?"

Alikaa. Nilimuuliza jambo moja: aliliona lini? Akasema aliliona siku ya kwanza, aliposimama mbele ya karatasi. Nikamuuliza mkuu wake alijua? Akasema alimweleza jioni ileile, na mkuu akamwambia, "Nenda kamwambie wewe," naye akajibu, "Nenda wewe, bosi." Wakakubaliana kwamba muda upite, huenda Mzee angegundua mwenyewe.

"Na kwa nini usiniambie?"

Aligeuza kofia mikononi. "Mzee, mimi nilianza kazi halmashauri kabla ya kuhamia umeme. Siku ya kuripoti, wewe ndiye uliyefungua faili langu. Ulinirudisha nyumbani nikabadilishe shati. Sasa nitakuambiaje wewe kwamba umekosea?"

Shati lile nalikumbuka. Lilistahili kurudishwa. Lakini nilimwambia, na ninarudia hapa: mimi sikumwambia mwenzake amwambie. Sikumsifu viatu nikanyamazia shati. Nilimwambia yeye, asubuhi ileile, mlangoni, na akawahi kurudi kabla mkurugenzi hajamwona. Hiyo nayo ni heshima, na nadhani ndiyo iliyo kubwa zaidi.

Siku iliyofuata nilikwenda mjini, nikarudi na swichi ya kubadilishia, yenye mkono mmoja na nafasi tatu: barabarani, katikati pasipo na kitu, na betri. Nilizima kila kitu, nikaondoa zile mbili, nikaifunga hiyo. Haikuwa kazi ngumu. Jambo hilo ndilo linaloniuma kuliko ugumu wowote. Niliupeleka mkono wake huku, nikaupeleka kule, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Haiwezi kuwa mahali pawili. Haihitaji mtu mwadilifu wala mtu mwenye kumbukumbu. Niliibandua karatasi yangu ukutani, na Mwalimu akaipokea, akaikunja, akasema ina kazi.

Mkaguzi alirudi, akajaribu, akasaini kibali palepale, akanywa chai vikombe viwili huku akitukanwa na mke wangu.

Niliweka mayai mapya kwenye trei. Nikaweka penseli karibu. Nikaenda zangu shambani, nikakaa huko muda wa kutosha. Niliporudi, mayai yalikuwa yamechorwa. Alama za mkato zilikuwa zimepinda, na maduara hayakufunga vizuri, kama mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa ameyachora kwa mkono wa kushoto.

Umeme ulikatika katikati ya majuma ya kuatamia. Nilijua kwa kuwa feni ya mashine na redio ya jirani vilinyamaza pamoja. Nilihamisha mkono wa swichi. Feni ikarudia sauti yake. Mwalimu alikuwa akigeuza mayai na hakuinua kichwa.

Vifaranga walipotoka, aliwapangia boksi lenye balbu, na chini akatandika karatasi. Nilichungulia nikasoma, kati ya miguu yao: ZIMA SWICHI YA JUU. Mmoja alikuwa amekwisha kuichafua saini yangu. Mwalimu aliinua kifaranga kwa mkono wa kushoto, akaufumba juu yake polepole, kidole baada ya kidole, akaniletea karibu na sikio nisikie.

Ningeweza kuishia hapo. Mwalimu anataka niishie hapo. Anasema trei ile iliyopotea imeshaurutubisha mpapai vizuri, na kwamba mtani hashtakiwi. Nakubaliana naye kuhusu mtani. Sidai mayai, wala sidai fidia yoyote. Ila lipo jambo ambalo si letu wawili kulisamehe. Yule fundi aliyenipungia mkono akiwa juu ya nguzo alikuwa mwajiriwa wa ofisi ileile. Wakubwa wake walijua kwamba ndani ya nyumba iliyo chini ya viatu vyake kuna betri iliyojaa na swichi zinazoweza kumuua, na ulinzi wake wote ulikuwa neno moja nililoambiwa mlangoni: msiwashe kwanza. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Aliyemwokoa si ofisi yake. Ni mwanamke mwenye mkono mgonjwa, ambaye alitoa mayai yake ili mume wake asivunje utaratibu. Na mume huyo, aliyeamini kwamba karatasi yake inatosha, hakujua kwamba utaratibu wenyewe ulikuwa na maana, kwa sababu waliopaswa kumweleza maana yake waliona haya.

Kwa hiyo, nikiwa mwananchi na mtumishi mstaafu wa umma, na baada ya Mwalimu kuisoma kumbukumbu hii akiwa ameishika kwa mikono miwili, ninamdai mkuu wa ofisi husika maelezo ya maandishi, yenye saini yake mwenyewe. Aeleze kwa nini hatari iliyoonwa katika ukaguzi wa kwanza haikuandikwa siku hiyo na kukabidhiwa kwa mwenye nyumba. Aeleze ni nyumba ngapi nyingine zenye wazee zimesifiwa nyaya na kuachwa na hatari zake. Amwombe radhi fundi yule wa nguzoni, kwa jina lake, mbele ya wenzake. Na atoe agizo kwamba kuanzia sasa mkaguzi akiona kosa atalisema palepale mlangoni, hata kama anayeambiwa ni mzee, hata kama aliwahi kumrudisha nyumbani kwa sababu ya shati. Soda sihitaji. Nangoja jibu, na safari hii lisiwe la mdomo.